Kipimo cha kondo la nyuma kikuje, lakini vijiti vya mkojo je?

Mwezi uliopita nilimpeleka dadangu klinik, dispensari moja huku Nyando, mimba wiki ya 31, kichwa kinamuuma siku ya tatu. Presha 138 kwa 88. Hiyo ni ya pembeni kabisa, kwa sababu hatari huanza kuhesabiwa 140 kwa 90, sasa sista anataka kupima mkojo aone kama ni preeclampsia, ile presha ya mimba inayoumiza figo, na vijiti vimeisha. Akabaki ameshika kitabu cha klinik, mara aangalie dadangu, mara barabara, ampeleke Kisumu ama amwambie arudi wiki ijayo.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma kuhusu kipimo cha damu kinachosoma protini za kondo la nyuma, ambacho watu wanajadili kama kiletwe huku. Wakati mishipa ya tumbo la uzazi haijapanuka vizuri mapema, kondo linakosa damu ya kutosha, linaanza kumwaga kwa damu ya mama protini inaitwa sFlt-1 kwa wingi, na hiyo inanasa nyingine inaitwa PlGF ambayo mishipa ya mama inaihitaji. Mishipa inakaza, presha inapanda, figo zinavuja. Na tafadhali, ile protini ya mkojo ni figo zimevuja, si omena wala maharagwe, msinyime mama chakula.

Utafiti wa 2016 ulionyesha kwa wamama walioshukiwa kuwa na preeclampsia, ukigawanya sFlt-1 kwa PlGF upate 38 kwenda chini, karibu wote, 99 kwa 100, hawapati hii shida wiki moja mbele. Kwa sista kama yule hiyo ingekuwa jibu, mama anarudi nyumbani na roho safi, gari la rufaa linabebea mwingine. Uingereza 2019 pia iliripotiwa kuwa wakitumia PlGF madaktari waliijua shida kwa kama siku mbili badala ya nne.

Lakini ikizidi 38? Kama 37 tu kwa 100 ndio waliipata ndani ya wiki nne. Wengine wote ni hofu, kulazwa, bili, na pengine mtoto kutolewa mapema bila sababu. Tena kipimo hakitibu. Shida hii ikizidi huleta kifafa cha mimba, na hicho kinazuiwa na magnesiamu, sindano ya zamani tu, na utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha inapunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Shida yenyewe hutulia kondo likishatoka.

Wanaosema tuanze na mashine za presha wako sawa, ila sikubali wakisema hiyo sayansi ni ya wazungu, kwa sababu mama wa Nyakach akitumwa Kisumu usiku kwa boda bila sababu, yeye ndiye anaumia. Mimi ningeweka kipimo hospitali za rufaa pekee, ambapo kuna maabara na mtu wa kusoma majibu, na kila dispensari ipate vijiti na magnesiamu kabla hata shilingi moja haijaenda kwa mashine kubwa ya hicho kipimo, maana bila presha kupimwa huko chini hakuna wa kumtuma juu.

Dadangu tulimpeleka Kisumu, akalala siku mbili, akarudi. Saa hii ako wiki ya 35, anapimwa presha Jumatatu na Alhamisi, na vijiti tulinunua wenyewe kwa kemisti.