Mashetani wa Lilanga wamewakosea nini jamani?

Jumapili tulikuwa kwa mjomba Tabata, chai hata haijamiminwa, binamu yangu mlokole kashaona picha ukutani. Ni printi tu ya mchoraji wetu George Lilanga, yule wa mashetani, lakini kaishupalia, "Mjomba hiyo itoe, hiyo ni madhabahu." Madhabahu! Karatasi ya elfu ishirini kwenye fremu ya plastiki! Na mjomba, mtu mzima na mvi zake, akaitoa kweli akaisweka nyuma ya kabati.

Hivi aliiangalia lakini? Maana mashetani wa Lilanga ukiwatazama vizuri wanapika, wamebeba watoto, wanapiga umbea, wanacheza ngoma, masikio kama sinia, midomo imewachomoza, vidole viwili vitatu, wamebanana kwenye picha mpaka rangi zinasukumana. Mimi ninavyoona ni mtaa wetu kabisa, yule wa pembeni anayecheka peke yake namfahamu kwa jina.

Mzee Lilanga kazaliwa 1934 huko Masasi, Mmakonde, na kwao mashetani ni viumbe mnaoishi nao, wengine wabaya, wengine wema, wengine wanakutania tu wakuvuruge siku. Alianza na kuchonga, akaja Dar miaka ya sabini, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, kupitia mjomba wake Malaba ambaye naye alikuwa msanii. Mlinzi! Halafu 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Uzeeni kisukari kikamkata miguu na bado akaendelea kuchora mpaka alipofariki 2005. Mtu wa hivyo humwambii hao viumbe ni urembo wa ukutani, alichokuwa anachora ndicho alichokulia nacho.

Na hapa ndipo binamu yangu ananichosha zaidi. Hiyo Nyumba ya Sanaa mwanzilishi wake ni sista, mtawa wa Kikatoliki, Jean Pruitt, Mmarekani. Sista na rozari yake kawapa mashetani paa la kulala, hakukemea, hakumwaga maji ya baraka, akaona hapa kuna binadamu ana imani na ana mkono, mpeni rangi. Sisi wenyewe wa hapa hapa, wajukuu wa hao mababu, ndio tunakimbia na kitambaa usoni!

Haya, nakubali, kuna watu wameteswa na waganga, hofu yao siicheki. Na picha nyingine ukikutana nayo usiku ukienda kunywa maji unashtuka, sawa. Ila wanunuzi wa Ulaya nao wasijione, "rangi za furaha sana", wanalipa hela ndefu na hawataki kusikia habari ya mashetani wenyewe. Feki ndo usiseme, zimejaa.

Kinachoniuma ni hawa wanaochora sasa hivi. Kuna kijana namfahamu, yuko Mwenge, bibi yake kamlea na hadithi hizo hizo, mkimaliza soda moja anakusimulia yule shetani wa mtoni anayeiba sauti za watoto mpaka mwili unasisimka. Ukiangalia dukani kwake sasa: simba, Kilimanjaro, Mmasai, twiga, Kilimanjaro tena. Nikamuuliza wa mtoni yuko wapi, akaniambia kodi ya frem inaisha mwisho wa mwezi, na mwenye frem ni mchungaji.