Mtoto Mzima Anakwenda Kupimwa Nini?

Naomba mtu mmoja tu mwenye akili timamu anieleze. Mtoto kaamka saa kumi na moja alfajiri, kanikalia kifuani, kanichokonoa jicho, kala chapati yangu, kisha rimoti kaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Huyo anapelekwa hospitali kufanya nini?

"Kliniki siyo hospitali," anasema Mama Zulfa. Kama siyo hospitali, mbona iko ndani ya geti la hospitali, mlinzi ni wa hospitali na harufu ni ileile?

Kwetu hospitali mtu anakwenda akiwa kabebwa. Ukijipeleka kwa miguu yako watu wanakuuliza una nini, na ukisema huna kitu ndiyo wanaanza kunong'onezana. Mzee wangu alipimwa presha siku moja akiwa amemsindikiza mgonjwa, akaambiwa iko juu. Mpaka leo anasema presha aliipatia kulekule.

Na hoja yangu haikuwa ya kijinga. Nilichukua kadi ya huyo mtoto, Nasra, nikavaa miwani nikaisoma yote. BCG, chanjo ya kifua kikuu, alichomwa alipozaliwa, kovu hilo hapo begani. Matone ya polio tayari. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tayari, ambazo usiku wake mtaa mzima haukulala. Surua na rubela ya miezi 9 tayari, na ya pili ya miezi 18 tayari. Sasa ana miezi 20. Kamaliza. Kilichobaki ni uzito, na uzito wa huyu mtoto naujua mimi ninayembeba kutoka kituoni Mbagala mpaka mlangoni.

Mama Zulfa hakubishana. Alitazama nje kwenye banda, akauliza taratibu: "Baba Zulfa, kuku wako wanaumwa?"

Nikasema hawaumwi, Mungu apishilie mbali.

"Basi ile dawa ya kideri unayowatonesha jichoni kila miezi mitatu, unawatonesha ya nini?"

Hili ni swali la kihuni. Kuku ni mradi. Kideri kikipita hakikubakizii hata wa kitoweo, na kuku akishaanza kusinzia na kuharisha kijani hapo tone halimsaidii tena, lazima uwahi akiwa mzima. Nikaanza kumweleza hayo yote kwa utulivu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu mwenyewe yanahamia upande wake. Nikanyamaza nikatafuta viatu. Yeye hakwenda kwa sababu ilikuwa siku ya kuvunja kikoba, na siku hiyo hata mgonjwa wa kitandani anahudhuria.

Kitu kimoja kilinipa moyo. Nimesikia miaka yote kwamba baba akienda kliniki anahudumiwa kwanza. Kwa hiyo nilipofika nikazivuka benchi zote kwa hatua za mtu anayejua haki zake, nikasimama mezani.

"Kaka, unakwenda wapi?" Alikuwa mama mmoja mwenye pacha, mmoja mgongoni, mmoja titini.

Nikamjulisha kwamba akina baba wana kipaumbele.

"Hiyo ni kliniki ya wajawazito, kwa baba aliyemsindikiza mkewe. Mkeo yuko wapi? Na mimba iko wapi?"

Benchi lilicheka hilo! Nikaweka kadi yangu juu ya rundo la kadi nyingine, nikajifariji kwamba walau iko juu. Nesi akatoka, akalichukua lile rundo, akaligeuza.

Ni mama mtu mzima, miwani kaining'iniza shingoni, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Kabla ya kupima kuna somo. "Leo tumepata baba," akasema, nikajua nimekwisha. "Baba, mtoto wako jana alikula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa nyama," nikasema kwa fahari.

"Nyama aliila?"

Jamani. Nyama niliila mimi. Mtoto ana meno machache na ile nyama ilikuwa ya kupigana nayo. Nilieleza hivyo, kwa lugha ya heshima kabisa. Nesi akawageukia akina mama, akasema, "Mmesikia? Mchuzi kwa mtoto, nyama kwa baba." Wakaitikia "Tumesikia" kwa pamoja.

Tukaja kwenye mizani. Ile ya kuning'inia ina kaptula yake ya kumtia mtoto, na kila mama kaja na yake kwenye mkoba. Mimi hakuna aliyeniambia. Nikaazimwa na yuleyule mama wa pacha, imechorwa bata. Kumtia Nasra miguu yote miwili kwenye matundu mawili ni kazi ya watu watatu; nilipodhani nimemaliza nikakuta miguu yote imo kwenye tundu moja. Mwishowe akaning'inia, analia, anazunguka, anapiga teke miwani ya nesi. Kilo 10.2.

Nesi akaangalia kadi. Akaangalia mizani. "Miezi 18 alikuwa na ngapi?"

Ilikuwa imeandikwa hapo hapo: 10.2.

"Mstari umelala," akasema.

Nikamwambia, sista, hajashuka.

"Baba, mtoto hatuombi asishuke. Tunataka apande. Miezi miwili yuko palepale, na ya katikati hamkumleta."

Nilitaka kuishuku mizani, lakini pacha walikuwa wamepimwa mizani hiyohiyo na wote wamepanda. Wakamlaza kwenye ubao wa urefu, mmoja kashika kichwa, mwingine kanyoosha magoti. Nesi akasoma, akaguna. Nikaona niwahi. Nikasema, "Huyo amenifuata mimi."

Nesi akavaa miwani. Akanianza kwenye nywele akanimalizia kwenye viatu, safari ambayo kusema kweli haikumchukua muda.

"Na wewe umemfuata nani?"

Nikafikiri. Mzee wangu ni mrefu.

"Mama je?"

Marehemu mama alikuwa akiinama mlangoni.

Kimya. "Wewe ulikuwa unapelekwa kliniki?"

Hapo sasa nikawa somo. Akawageukia wale wa benchi, akawaambia kwamba utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na wengi wao ukiwatazama ni wazima, wanacheza, wanakula, mzazi anasema tu amefuata ukoo. Ndiyo maana wanapimwa wakiwa hawaumwi, kwa sababu udumavu hauna homa wala kikohozi cha kukuamsha usiku. Kuna siku 1,000, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo za kujenga mwili na akili.

"Zikipita, sista?" akauliza mama wa pacha.

Nesi hakujibu kwa mdomo. Alinitazama tu. Benchi zote zikanitazama.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Nina watoto watatu. Mtaani kwetu nimo kwenye kamati ya maji, msibani naitwa kushika daftari. Na nimesimama pale, kaptula ya bata mkononi, nahesabiwa miongoni mwa athari. Ufupi wangu naujua, nimeishi nao vizuri tu. Kwenye daladala wenzangu wanashika bomba, mimi nashika kiti. Lakini usiku huu silali. Nilizaliwa 1982, sista! Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wenyewe ule wa njano wa msaada, watu wakauita Yanga. Huyo mama yangu angenipa yai la wapi? Alinibeba mgongoni kwenye foleni kuanzia alfajiri, na akifika dirishani anaambiwa kimekwisha. Hizo siku 1,000 zangu ziliishia dukani. Sasa unaniuliza mbele za watu kama nilipelekwa kliniki?

Hayo sikuyasema. Nilisema, "Asante sista."

Akamzungushia Nasra ule utepe wa mkono wa kupimia lishe, ukasoma kijani, na huo nimeuhesabu ushindi. Vitamini A ya Juni alipata, ya Desemba niambiwe mapema. Arudi mwezi ujao, aje na baba yake, eti nimezoeleka. Huduma ni bure kwa walio chini ya miaka mitano, sina neno hapo. Nauli, maji, soda na ndizi mbili za kumnyamazishia ndizo hazikusikia habari za bure. Na pale kituoni kila aliyeniona na kadi aliuliza mtoto anaumwa nini, nikisema haumwi, "Ah, sasa?"

Nikaagizwa yai, karanga, na dagaa wa kusaga wa kuchanganya kwenye uji. Mayai Mama Zulfa kashayatoa chini ya tetea aliyekuwa anaatamia, bila kikao. Dagaa ndiyo nikatumwa mimi.

Na hapa ndipo nataka serikali inisikilize. Nikamuuliza kijana wa genge, hawa wa wapi? "Kigoma, mzee wangu, Kigoma tupu." Nikatia mmoja mdomoni, ukalia krrr. Dagaa wa Kigoma namjua, anang'aa, ukimtafuna ni dagaa mwanzo mwisho. Huyu kaanikwa mchangani Mwanza na mchanga kaja nao mjini. Nikamwambia. Akasema hata Kigoma kuna mchanga. Bei lakini ni ya Kigoma! Haya, nipimie. Akachukua kopo, nikaligeuza: kitako kimebonyezwa kwa ndani mpaka katikati. Nikamwonyesha. Akasema, "Mzee, kopo ni kopo." Sasa wale watu wa vipimo wanaozunguka kugonga mihuri kwenye mizani za mabucha, kwenye haya makopo wanapita wamefumba macho? Mimi nimetoka kubanwa gramu kwa gramu kwa mtoto wangu mwenyewe, mbele ya watu, halafu huyu anabonyeza kopo kwa nyundo mchana kweupe, na bado ananiambia niongeze mia mbili ya mfuko.