Mbu mmoja, virusi vya ukoo tofauti

Mhariri, habari ya yule mkazi wa New Hampshire, Marekani, aliyefariki Agosti 2024 kwa homa ya ubongo ya farasi ya mashariki (EEE) mmeiandika vizuri, ila aya ya tatu inasema virusi vyake ni "familia moja na West Nile". Sivyo. Mbu ni kama daladala, hachagui abiria.

EEE ni alfavirusi, ukoo mmoja na chikungunya, ile iliyojulikana kwa mlipuko wa uwanda wa Makonde hapa kwetu Tanzania mwaka 1952. West Nile, iliyogunduliwa Uganda 1937, ni flavivirusi pamoja na dengi, homa ya manjano na homa ya ubongo ya Japani.

Labda mmepotoshwa na namba za kuainisha magonjwa (code) za Shirika la Afya Duniani, WHO. Sisi tunaojaza mafaili ya wagonjwa tunajua: ICD-10, orodha ya namba hizo, imezirundika chini ya A83 homa za ubongo zinazoletwa na mbu bila kujali ukoo. Japani A83.0, EEE A83.2. Halafu West Nile, ambayo nayo hupanda kichwani, ikatupwa A92.3! Sijui waliwaza nini.

Maabara ukoo una uzito wake. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi na vipimo huzitafuta, hufanana kwa flavivirusi, hivyo aliyewahi kuugua dengi au kuchanjwa homa ya manjano anaweza kuonekana ana West Nile wakati hana. Na chanjo ya homa ya Japani, ambayo binadamu anapata, haimkingi mtu na EEE. Chanjo ya EEE iliyopo sokoni ni ya farasi.