Sikuzimia, Nilikaa Chini Tu

Haya, najua mmeshaipata habari ya mimi kukimbizwa hospitali. Ila mmeipata kwa shoga yangu wa kazini, na yule bila chumvi hanogi. Kwanza, sikuzimia, nilikaa chini tu. Pili, sikumuaga mama. Nilimpigia kumsalimia, na kumkumbusha hela yangu ya mchezo iko kwa kijumbe gani.

Nilishuka daladala jasho chapachapa, siti ya upande wa jua, mikono mapajani njia nzima. Lifti mbovu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, Kariakoo. Nafungua viganja: bluu! Mpaka pembeni mwa kucha. (Mnaouliza kwa nini sikunawa, maji yalikatika tangu jana yake.)

Nikaiuliza akili mnemba kwenye simu. Ikaanza na pole. Ina adabu kuwashinda wengi wenu. Ikasema huenda oksijeni imepungua kwenye damu, ikataja moyo, ikataja mapafu. Unahema kwa shida? Ghorofa ya tano hiyo, ndiyo. Moyo unaenda mbio? Baada ya kusoma hayo, ndiyo. Kizunguzungu? Sikuwa nacho, ila ilivyouliza kikaja. "Nenda hospitali mara moja."

Boda, mishikaki, tukafika. Shoga yangu anapaza sauti: "Mgonjwa wa moyo, tupisheni!" Foleni nzima ikapisha, hadi bibi mwenye mkongojo.

Nesi akanibana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni. 99 kwa mia. Akakihamishia kidole kingine. 99. "Dada, toa ulimi." Nikatoa. Akaumulika, akasema kwa ngozi zetu hizi oksijeni ikipungua kweli, ulimi na midomo ndiyo inayosema. Ulimi wangu bado uko nje, hakuna aliyeniambia nirudishe. Akachovya pamba kwenye spiriti. Akashika kiganja changu. Akaipitisha taratibu, toka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Akaigeuza pamba. Bluu. Kiganjani pamebaki barabara nyeupe. Akaitazama pamba, akanitazama mimi, macho yakashuka hadi kwenye suruali.

"Jinzi mpya?"

"Mmh."

"Uliifua kwanza?"

Hapo ndipo nikarudisha ulimi.

Bibi wa mkongojo akadakia: "Kwa hiyo mimi nimeipisha suruali?"

Waliokuwa wanaumwa kweli walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikalipia kumuona daktari nisiyemuona, boda akadai na ya kusubiri, mama alishatangaza Tanga na shangazi alikuwa ameshapanda basi. Usiku nikaiandikia ile akili mnemba kwamba ilikuwa jinzi. Ikajibu ni kweli, rangi ya nguo mpya huhamia kwenye ngozi, hasa ukitoka jasho. Kumbe inajua! Tena ikanipongeza kwa kugundua.

Jinzi ipo, imevaliwa mara moja. Anayeitaka aje inbox, aje na glavu.