Wavuvi Wameongezeka, Ziwa ni Lile Lile

Kila msimu wa siasa viwanja vya Furahisha hapa Mwanza hujaa vijana, na kila anayeshika kipaza sauti huwaambia jambo lile lile: ninyi ndio utajiri wa nchi hii. Vijana hupiga makofi. Kesho yake wanarudi kwenye bodaboda, kwenye meza za wamachinga Makoroboi na kwenye mitumbwi ya Igombe, na huo utajiri hawauoni. Naandika kwa sababu naona tunawapa sifa mahali pa mpango, na miaka ya kurekebisha inakwenda.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Tumeongezeka zaidi ya laki tisa ndani ya miaka kumi, na sasa ni mkoa wa pili kwa wingi wa watu baada ya Dar es Salaam. Nchi nzima ilitoka milioni 44.9 ikafika milioni 61.7. Katika hao, asilimia 42.8 ni watoto wasiofikisha miaka 15, na wenye umri wa kufanya kazi, miaka 15 hadi 64, ni asilimia 53.4. Maana yake kila watu 100 wa umri wa kazi wana wengine kama 87 wa kuwalisha, na wengi mno kati ya hao 87 ni watoto.

Wachumi wengi huziangalia takwimu za namna hii kwa matumaini, na wana sababu. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alizaa wastani wa watoto sita hivi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa umeshuka chini ya wawili. Kizazi kile kikubwa kikaingia kazini kikiwa na watoto wachache wa kulea na wazee wachache wa kutunza. Nyumba ikabakiwa na senti, senti ikawa akiba, akiba ikajenga viwanda. Wapo waliokadiria kwamba karibu theluthi moja ya ukuaji wa uchumi wa Asia Mashariki kati ya 1965 na 1990 ilitokana na badiliko hilo la umri wa watu.

Hiyo theluthi ndiyo inayopigiwa debe kwenye semina zetu. Kinachosahaulika ni kwamba wale hawakunufaika kwa kuwa walikuwa wengi. Walikuwa wengi hata kabla, na walikuwa maskini. Walinufaika pale ambapo watoto walipungua, wakasomeshwa vizuri, kisha walipomaliza wakakuta kazi inayozalisha kitu. Sisi tumechukua neno la kwanza la sentensi, wingi, tukaacha sentensi yenyewe.

Anayetaka kuona wingi usio na mpango unavyofanya kazi aende mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu wanafuata taa. Alfajiri mitumbwi inapotia nanga Igombe, kina mama wanakuwa wameshafika na ndoo na mabeseni. Dagaa wananunuliwa wangali wabichi, wanamwagwa mchangani, wanatandazwa kwa mikono, jua likipanda wanageuzwa. Mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, kila mtu anakimbilia turubai. Mvua ikiwahi, mzigo wa siku nzima unaoza.

Nilimkuta mama mmoja ameinama anageuza, nikamsalimia, nikamuuliza mzigo wa leo unakwenda wapi.

"Kwa kuku, mwanangu. Wameshika mchanga hawa, nani atakula?"

Pembeni yake mwenzake alikuwa ameanika juu ya kichanja, wavu umevutwa juu ya miti, dagaa wanang'aa kama fedha. Nikauliza hao je.

"Hao ndio wa watu. Bei yake nyingine kabisa. Ila kichanja ni mbao, ni wavu, ni misumari. Mtaji wangu wote uko hapa chini."

Dagaa ni wale wale, wametoka maji yale yale, pengine mtumbwi ule ule. Kinachotenganisha kipato cha mama huyu na cha jirani yake ni mbao na wavu. Mama hakosi bidii, kwa maana ameamka saa tisa usiku. Hata tukimwongezea kina mama wengine kumi wa kuanika mchangani, mwalo hautatajirika. Wataongezeka wa kugawana dagaa wa kuku.

Majini mambo ni hayo hayo. Mtumbwi ukirudi, kwanza yanatolewa mafuta na gharama za usiku, halafu fungu la mwenye chombo, kinachobaki ndio wanagawana vibarua waliokesha macho usiku kucha. Kila mwaka wanashuka vijana wengine kutoka Kwimba, Misungwi na Magu, ambako shamba la babu limeshagawanywa mpaka halitoshi mtu kulimia mahindi ya kula. Wanafika mwaloni, wanapata tajiri wa kuwapa chombo, wanaingia majini. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, na hazijaongezeka hata moja. Samaki wanakuwa wachache kwa kila wavu, na hapo ndipo nyavu haramu za kokoro na za macho madogo zinapoingia, maana mtu mwenye njaa leo hawezi kumsubiri sangara akue. Tunatuma doria zichome nyavu. Zichomwe, sheria ni sheria. Lakini kijana aliyechomewa wavu kesho ataamkia wapi? Swali hilo sijaona linajibiwa.

Tuliwahi kupata bahati tukaipitisha. Sangara aliletwa ziwani na wakoloni miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 akawa amejaa. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikapangana ufukweni, ndege zikabeba samaki kwenda Ulaya, na mji ukanona. Minofu ikaenda kwao, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Kazi zilikuwepo, nazo ziliwasomesha watu wengi ninaowaheshimu. Lakini tulivuna kana kwamba sangara hawezi kwisha, na samaki walipopungua viwanda navyo vikaanza kupunguza wafanyakazi. Pamba nayo ina simulizi inayofanana na hiyo. Kina Paul Bomani waliwaunganisha wakulima wa Usukumani mpaka vyama vyao vikawa na nguvu ya kutikisa nchi, na kiwanda cha nguo cha MWATEX kikaajiri maelfu ya watu hapa mjini. Leo sehemu kubwa ya pamba inayolimwa kanda hii inachambuliwa tu na kusafirishwa nje, halafu tunanunua shati la mtumba lililofumwa kwingine.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtu mzima anasema vijana wa Mwanza wavivu, wanapenda vijiwe. Kaa kijiweni Buhongwa asubuhi moja uwahesabu. Hakuna aliyelala. Mwendesha bodaboda yuko pale tangu kumi na moja alfajiri, pikipiki si yake, jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi, na abiria ni wale wale waliokuwa wanagombewa na pikipiki nusu ya hizo. Machinga wa nguo anauza nguo zinazofanana na za jirani yake, kwa mteja huyo huyo mmoja. Kitakwimu hawa wote wana ajira. Wanafanya kazi kuliko sisi tunaowasema. Shida ni kwamba kazi yenyewe haiongezi mkate, inaukata vipande vidogo zaidi.

Wengine watasema watu wengi ni soko. Soko ni watu wenye pesa mfukoni. Kitaifa, zaidi ya nusu ya wanaofanya kazi wako kwenye kilimo, na kilimo kinatoa kama robo tu ya pato la Taifa. Ukitaka kujua kwa nini duka la mtaani kwako halikui, anzia hapo.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wetu hulizunguka, hasa wanaume tunapokaa. Mabadiliko ya umri yaliyowainua wale wa Asia yanaanzia kwa msichana. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015-16. Kushuka kupo, ila ni kwa mwendo wa kinyonga, na Kanda ya Ziwa iko juu ya wastani. Simwambii mtu azae wangapi. Nasema binti akibaki shuleni hadi kidato cha nne, mtoto wa kwanza anachelewa, na anapokuja anakuja kwa mama anayejua kusoma kadi ya kliniki na kuhesabu faida yake sokoni. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Mwishoni mwa 2021 Serikali ikaruhusu waliokatishwa masomo kwa mimba warudi darasani. Hizo ni hatua za maana sana. Lakini binti wa kisiwani Ukerewe hatolewi shule na sheria peke yake. Anatolewa na umbali, na chumba cha kupanga karibu na shule anakoishi bila mtu mzima. Bweni moja katika kata lina uzito kwa uchumi wa mkoa huu kuliko makongamano mengi ya uwekezaji niliyowahi kuyasikia yakitangazwa.

Na hao watoto waliokwisha kuzaliwa? Elimu bila ada tangu 2016 ilifungua milango, nao wakaja. Madarasa yakafurika. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni moja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo atakuwa na miaka thelathini na kitu mwaka 2050. Yeye ndiye Dira yenyewe. Akikaa darasa moja na wenzake zaidi ya mia, mwalimu mmoja, hesabu ya dola trilioni inaanza kuharibika pale pale kwenye dawati.

Inaharibika hata kabla ya hapo. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hujifunza kwa shida na akikua hupata kipato kidogo. Sisi tunaishi kando ya ziwa lenye dagaa, protini na madini aina kwa aina katika samaki wa kidole kimoja, anayeliwa mzima na kichwa chake. Na sehemu kubwa ya dagaa hao tunawaanika mchangani mpaka wanafaa kuku tu. Nikiwaza hili nashindwa kukaa kimya. Kichanja ambacho yule mama amekikosa kingemwongezea kipato yeye, na kingempa mtoto wa Kwimba chakula cha kujengea akili. Hatuhitaji mfadhili wa kutuletea wazo.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita tatu hivi, na aliyewahi kusubiri kivuko pale na mgonjwa kwenye gari anajua thamani yake. Reli ya kisasa kutoka Isaka inakuja. Nafurahia vyote viwili. Ila daraja linavusha mzigo uliopo. Tusipokuwa na dagaa waliofungashwa, sato wanaofugwa ziwani kwenye vizimba vya nyavu, nguo na ngozi, vitakavyovuka vizuri zaidi ni bidhaa za wengine zikija kwetu, na vijana wetu wakienda kwao.

Vizimba ni mwanzo mzuri. Mwanzoni mwa 2024 Rais Samia alikabidhi hapa Mwanza boti na vizimba kwa mkopo usio na riba, na ufugaji wa sato ni moja ya njia chache za kuongeza samaki bila kuongeza mitumbwi. Kinachobana ni chakula cha samaki, ambacho ni ghali na kingi kinatoka nje. Mikoa ya kanda hii inalima mahindi, alizeti na pamba yenye mbegu za kukamua mashudu. Chuo cha uvuvi kiko hapo Nyegezi, chuo cha ufundi cha VETA kiko Nyakato. Kiwanda cha kati cha chakula cha samaki kingewagusa mkulima, fundi, dereva na mfugaji kwa mpigo mmoja. Kwa nini vijana wanaomaliza vyuo hivyo wanapewa cheti na kuachwa wakatafute pikipiki, siwezi kuelewa.

Halmashauri zina pesa. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani inatakiwa kukopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Ninachokiona mtaani ni vikundi vingi kununua bodaboda, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kingine na bodaboda inapatikana dukani siku hiyo hiyo. Ningependa Ilemela, Ukerewe, Sengerema, Buchosa na Magu watenge sehemu kubwa ya fungu hilo kwa mialo tu: vichanja, vikaushio vya jua, mitambo ya barafu, mashine za kufungashia, na mtu wa kuwafundisha kina mama namna ya kufikia ubora unaotakiwa na Shirika la Viwango, TBS. Maofisa uvuvi na maofisa maendeleo ya jamii wakae meza moja, kwa sababu sasa hivi mmoja anahesabu samaki na mwingine anahesabu vikundi.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mapema, mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Kama unaishi kwenye kata yenye mwalo, mtafute diwani wako kabla ya kikao hicho umuulize kata imetengewa vichanja vingapi na bweni la wasichana liko hatua gani. Akikwambia vijana wa mwaloni hawarudishi mikopo, muulize walikopeshwa kwa ajili ya nini.