Tenor wa London anaandikiwa, wa kwetu tunamtupia noti tu

Jamani wana Tanga mtanisema, lakini mi natoa tu, sisi kumpenda mwimbaji tunajua sana, kumsifu ndo hatujui. Nimekaa huku Uingereza miaka sasa na kilichonifikisha kwenye wazo hili ni opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo mwisho, ndio hiyohiyo ya kupiga makelele kwa Kitaliano mnayonichekea.

Mwaka 2022 Royal Opera House ya London walimpa Russell Thomas, Mmarekani mweusi, tenor, yani mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, nafasi ya Otello kwenye opera ya Verdi, mtunzi wa Kitaliano, na ndo mara ya kwanza mtu mweusi kuiimba nafasi hiyo katika jumba lile. Hebu fikirini, jemadari wa hadithi ni mtu mweusi kule Venisi, mwenye hadithi ni Shakespeare yuleyule Mwalimu Nyerere aliyemtafsiri, opera yenyewe imeanza kuchezwa Milan 1887, na miaka yote hiyo wazungu wakawa wanajipaka rangi usoni, jumba la opera la Metropolitan la New York wameacha juzijuzi tu, 2015!

Kisa chenyewe wa Ngamiani hapo Tanga hamuhitaji kuelezwa sana. Bwana katoka vitani na ushindi, mke anampenda, kaja mnafiki mmoja anaitwa Iago kamjaza maneno, ushahidi wake leso, leso tu jamani, mwisho bwana kamuua mkewe kwa mikono yake kisha ukweli ulipotoka kajichoma kisu. Fitna.

Sasa kuimba kwake ndo balaa. Tenor anaingia jukwaani koo halijapata moto, neno la kwanza tu, Esultate, yani shangilieni ushindi, liko juu huko, kwaya inanguruma, orkestra inanguruma, na maiki hamna. Hamna kabisa. Watu wengi wanamsubiri hapo, mi nilikuwa viti vya bei poa karibu na dari na hapo nilimwona Thomas kabana kidogo, ule ushindi haukunishtua. Ila ngoja tendo la tatu. Keshaamini anasalitiwa, kabaki peke yake, anaanza wimbo wa Dio mi potevi, yani Mungu ungeweza kunitupia, kwa sauti ya chini, karibu noti ileile moja ya muziki, yani mtu anaongea na Mungu huku pumzi inamwishia, hapo waimbaji wengi wanaanza kulialia ili tuwahurumie, yeye hakulia, aliyaacha maneno yenyewe yaje, na kuanzia hapo mpaka mwisho kabisa anapokufa anaomba busu jingine na neno linakatika kabla halijaisha, mi sikuwa na hali. Jirani yangu bibi wa kizungu alikuwa analia na kukimeza kilio kama kwinini maana kule kelele ni mpaka pazia lishuke.

Kilichonitia wivu ni baada ya hapo. Onyesho la kwanza likipita tu magazeti yanaandika, sauti ya kati ikoje, ya juu ikoje, anaigiza au anasimama tu, anafika kwa Domingo, tenor mkongwe aliyesifika kwa nafasi hiyo, anafika kwa Kaufmann aliyeiimba palepale 2017, anapewa nyota na kasoro anaambiwa, na yuko hai anazisoma.

Kwetu harusini taarab ikikolea mtu anainuka na noti yake anakwenda anacheza mpaka mbele anatunza, raha yake mi naijua, nimetunza sana. Lakini tusidanganyane, nusu ya wanaotunza wala hawana habari na mwimbaji, wanampelekea salamu mke mwenza aliyekaa mkeka wa pili. Sauti ilipanda vipi, ilivunjika wapi, nani kasikia?

Nilimsimulia mama mdogo kwa WhatsApp akaniuliza, "Mwanangu, baba wa watu kaimba usiku kucha mmemkodolea macho tu, hata elfu tano hakuna aliyemtupia?" Nikamwambia mama, wanapiga makofi mwisho, tena ana malipo yake. Akasema, "Basi hao hawakumpenda." Sikumjibu, maana kwa hilo la kukaa kimya nipo upande wake, mpaka leo silizoei.

Ila Bi Shakila, mwimbaji wetu wa taarab, alipofariki 2016 mi nilitafuta mtu anielezee yule mama enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star hapo Tanga alikuwa anaivutaje sauti ile, nikakuta picha na rambirambi tupu.

Na msiniambie hayo mambo ya wazungu. Shaaban Robert, mtu wa hapohapo Tanga, alikaa chini akaandika wasifu mzima wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyetiwa kwenye santuri tangu 1928. Kwa hiyo wazee wetu mliokuwa mnakesha na Black Star, mpo, simu mnazo, na kutuma video za asubuhi njema mnaweza. Andikeni basi Shakila alikuwa anapumulia wapi, na siku ambazo sauti ilimgomea andikeni pia.