Mkono uliofura na sifa za deksa

Msimu uliopita, huku Mtambile, mpwa wangu aliparamia mkarafuu bila kuangalia juu. Nyigu walishajenga. Akateremka na pakacha nusu, mkono umefura kama mkate wa mofa. Usiku bi mkubwa akasema sumu inapanda. Asubuhi kijana akapita duka la dawa, akarudi na vidonge vya deksa (deksamethasoni, dawa kali ya kuzima uvimbe). Hakuulizwa hata umri. Siku ya tatu mkono ukanywea, na sifa zote zikaenda kwa deksa.

Mimi nabisha. Mwenzake aliyeumwa kwenye mti uleule alikanda kwa maji baridi tu, na wake ulinywea siku hiyohiyo. (Watu wawili si utafiti, najua.)

Sumu ya nyigu ni tone tu. Wanaofurisha mkono hasa ni askari wetu wenyewe wa kinga: seli za masti zilizo chini ya ngozi humwaga histamini, kemikali ya kuchochea uvimbe, mishipa midogo ikavuja maji. Hilo hata barazani linajulikana. Lisilosemwa ni kwamba askari hao hujizuia. Basofili, binamu zao wa kwenye damu, zina vipokezi vya H2, yaani milango ya kuipokea histamini: histamini iliyotoka kwao huwarudia, ikawapunguzia kasi ya kumwaga nyingine. Maabara ilishalionyesha hilo mwaka 1971. Makrofeji, askari wengine wa kinga, nazo zikishatoa TNF, protini ya kuchochea uvimbe, baadaye hutoa intalukini-10, protini ya kutuliza, nayo huituliza hata seli iliyoitoa. Tena NF-kB, swichi ndani ya seli inayowasha jeni za uvimbe, huwasha pia jeni ya IkB, protini inayokuja kuifunga yenyewe. Ni mpishi wa pilau ya harusi: mkono mmoja unachochea kuni, mwingine unazitoa.

Deksa inazima kwa nguvu kutoka nje. Kwenye pumu iliyopamba moto inaokoa watu, sina ubishi. Lakini kwa mkono uliofura? Inapunguza kinga pia, na ukiizoea kwa wiki kadhaa tezi zako hulegea kutengeneza kotisoli, homoni ya mwili inayofanana na deksa. Ukiacha ghafla unaweza kuanguka.

Koo likikaza, midomo ikivimba au pumzi ikikatika baada ya kuumwa, hapo ni hospitali mbio, kuchomwa adrenalini. Kidonge cha deksa hakiwahi.

Mpwa wangu amebakisha vidonge vinne, kavifunga kwenye karatasi kwa ajili ya msimu ujao. Nimemwomba anipe. Kakataa.